Nimekuta michoro chini ya chokaa kwenye nyumba ya bibi Mikindani. Nipige lipu au niache?

SeremalaWaShangani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Mtwara mjini. Natengeneza milango, vitanda, meza, makabati. Miezi miwili iliyopita mama mkubwa aliniita Mikindani, nyumba aliyoachiwa na bibi kuta zimebambuka. Ni nyumba ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene mpaka mtoto anaweza kulala dirishani. Nikapeleka fundi lipu na vibarua wawili. Maelekezo yangu yalikuwa mafupi: kwangua chokaa iliyokufa, piga lipu ya simenti, paka rangi, tumalize kabla ya mvua.

Siku ya tatu fundi akanipigia. "Bosi, njoo uone, ukuta wako umeandikwa."

Ni chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha. Chokaa pale imepakwa juu ya chokaa miaka na miaka. Nilihesabu tabaka mahali ilipokatika, zikafika tisa, baada ya hapo macho yakanisaliti. Chini ya zote kuna lipu ya zamani yenye rangi ya maziwa yaliyolala, na juu yake kuna vitu vitatu.

Cha kwanza ni jahazi, limekwaruzwa kwa ncha kali, urefu kama shubiri mbili. Mlingoti mmoja, foromali (ule mti unaoshika tanga) imelala kimshazari, tanga la pembetatu. Mchoraji alikosea mkuku, ule uti wa chini wa chombo, akauchora upya chini kidogo, ule wa kwanza hakuufuta. Kwa hiyo chombo kina mikuku miwili.

Cha pili ni mistari ya wima, kama ya mtu anayehesabu. Ipo usawa wa bega la mtu aliyekaa chini. Nimepata 41, mingine imeliwa na unyevu. Chini yake, karibu usawa wa goti, kuna msururu mwingine mfupi, mistari 13. Huo umepinda pinda, mistari mingine imeangukiana.

Cha tatu ndicho kilichonikalisha kitako. Lipu yenyewe haikusawazishwa kwa mwiko pale kwenye kona. Imesawazishwa kwa mkono. Vidole vinne vimepita kutoka juu kuja chini, kama unavyopitisha vidole kwenye uji ulioganda. Nikaweka vyangu mle mle. Havikuingia. Aliyepiga ile kona alikuwa na mkono mdogo kuliko wangu, na mimi nilikuwa na picha kichwani ya babu fulani mwenye misuli.

Mpaka nafika, nusu ya ukuta wa pili ilikuwa imeshapigwa simenti. Sijui huko kulikuwa na nini.

Sasa niwape na upande wa pili, maana ndio unaoninyima usingizi. Wiki hiyo hiyo hoteli moja ya watalii ilinipa oda ya meza sita za mninga. Nikaziranda zikawa kioo. Mteja akaja, akazikataa. Anataka "zionekane zimeishi." Akanionyesha picha kwenye simu. Basi tukazipiga meza mpya kwa mnyororo, tukazitoboa tundu za dumuzi kwa msumari mwembamba, tukamwagia kahawa nzito kwenye pembe, tukasugua ukingo pale ambapo mtu angeegemeza mkono kama angekuwepo. Kijana wangu wa karakana akaniuliza, "Bosi, hapa tunatengeneza au tunaharibu?" Nikamwambia tunalipwa.

Yaani mjini nalipwa kuweka alama za watu ambao hawajawahi kuwepo, na Mikindani namlipa mtu afute za waliokuwepo.

Picha nimeweka hapo chini, ya kwanza jahazi, ya pili mistari. Mnanishauri nini?

---

Korosho_Ghafi

Piga lipu mkuu. Ukuta ukimwangukia mama mkubwa utamwambia ulikuwa unahifadhi mistari? Kila nyumba ya zamani ina makwaruzo. Kwetu Msangamkuu nilichora gari la mkaa ukutani nikiwa darasa la pili, nikala bakora. Leo ungeniita msanii.

---

MaweNaChokaa

Mleta uzi, kabla ya yote simamisha simenti. Leo hii, usingoje kesho.

Tumbawe lina vitundu. Linanyonya maji ya ardhini na umande wa bahari, kisha linayatoa taratibu kupitia chokaa. Ukilifunika kwa simenti maji yanakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu yote inadondoka kama sahani ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Hapo hutapoteza michoro tu, utapoteza ukuta. Bwana Korosho anahofia nyumba kuanguka, lakini kinachoangusha nyumba hizi mara nyingi ni huo ukarabati wa haraka.

Nimefanya kibarua cha ukarabati Kilwa Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa humo 2014. Katikati hapo kulikuwa na kazi kubwa ya kurudishia kuta kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yalale. Ukiharakisha inakulipukia ukutani.

Na hilo jahazi lako lina ndugu. Kule kwenye lipu za zamani kuna vyombo vilivyokwaruzwa hivyo hivyo, kwa ncha, na watu wasiojulikana. Wageni wakifika Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani pale Kilwa, wanakimbilia birika la pembe nane. Sawa, ni zuri. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa mwaka 1331, naye kila mwongozaji anamtaja. Mimi wakati wa mapumziko ya mchana nilikuwa nasogea kwenye ukuta, nangoja jua liingie kwa ubavu. Jua likiwa utosini huoni kitu. Likilala, mistari inaota kivuli na chombo kinatokea. Jaribu na wewe: zima taa, weka tochi ya simu sambamba na ukuta, utaona ambavyo hujaviona.

---

SeremalaWaShangani

Nimesimamisha, mkuu. Fundi kanuna, anasema nimemkatia riziki. Nitamlipa siku zake. Tochi nitajaribu kesho.

---

Kitangari84

Mimi ni mchonga vinyago, nimejifunza kwa mjomba wangu huku uwandani, sasa nauzia Dar. Naomba nikutoe aibu ya zile meza maana sisi tumekutangulia.

Mteja wa vinyago anakuja na maneno mawili: "cha zamani". Ukimwambia kinyago nimekimaliza Jumanne anakirudisha mezani. Kwa hiyo kuna wanaokifukiza moshi jikoni, kuna wanaokizika kwenye udongo wenye mchwa kidogo, kuna wanaokipaka chai ya rangi na mafuta. Wiki mbili kinakuwa babu. Sijivunii, lakini nimefanya.

Ila niwape siri ya kujua kilichochezewa kweli. Kinyago cha lipiko, kile cha ngoma ya Wamakonde, kinavaliwa kama kofia, kichwa kinaingia ndani, na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago. Watu wote wanaangalia uso: nywele za mtu kweli zilizobandikwa, nembo zilizochorwa kwa nta. Wewe kigeuze. Angalia ndani, pale paji la uso linapogusa na pale kingo zinapokaa mabegani. Kama kimechezewa miaka, mti pale umelainika na kuiva kwa jasho kwa umbo la kichwa cha mtu mmoja, na upande mmoja umelika zaidi kwa sababu kila mchezaji ana upande anaotupia kichwa. Moshi hauwezi kufanya hivyo. Chai haiwezi.

Mjomba alikuwa akipiga msasa mbele mpaka mpingo unang'aa kama umelowa, lakini mgongoni aliacha makovu ya tezo. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani ni uvivu. Nikamsugulia kimoja chote, mbele na nyuma, nikidhani namsaidia. Hakunigombeza. Alikichukua, akakigeuza geuza, akasema, "Sasa huyu nani kamchonga?" Akakiuza bei ya chini.

---

BintiNdanda

Kitangari umenikumbusha bibi yangu mzaa mama. Alikuwa na nembo usoni na mikononi, zile za kuchanjwa kwa wembe na kusuguliwa mkaa. Tukiwa wadogo tulikuwa tunazifuata kwa kidole kama njia, yeye anasinzia. Aliyemchanja alikuwa shangazi yake, na bibi alikuwa akisema pale kwenye shavu la kushoto mstari umeyumba kwa sababu alipiga chafya. Sasa mimi naona vinyago dukani vina nembo zimenyooka kama zimepigwa rula. Najua ni biashara. Lakini huwa natafuta wapi mtu alipiga chafya, sioni.

Wakati huo huo tusijidanganye, bibi mwenyewe hakutaka sisi tuchanjwe. Alisema iliuma.

---

Mzee_wa_Pima

Wanangu hamjambo. Namjibu huyu seremala.

Umepima nyumba kwa tepu? Hebu pima mlango wa chumba hicho na upana wake, uniletee.

---

SeremalaWaShangani

Shikamoo mzee. Mlango upana sentimita 93. Chumba upana ni 279. Nilishangaa hizo namba, hazikai popote, si futi wala si mita.

---

Mzee_wa_Pima

Marahaba. Zinakaa vizuri sana, ila si kwenye tepu yako.

Zamani fundi alipima kwa mwili. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo, mkono umetanuliwa. Shubiri mbili ni dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole. Ukifunga ngumi ni dhiraa konde, fupi zaidi, na hapo ndipo wafanyabiashara wa vitambaa walipokuwa wanatuibia. Dhiraa nne ni pima, mikono miwili imenyooshwa. Dhiraa ya kawaida ni kama sentimita 45 na ushee. Mlango wako ni dhiraa mbili, chumba ni dhiraa sita, za mtu ambaye dhiraa yake ni 46 na nusu. Mtu mwenye mkono mrefu kidogo. Huyo ndiye aliyesimamisha kuta zako, na hakukuachia jina, amekuachia kiwiko.

Na kwa nini sita, si nane? Angalia juu. Boriti ni za mikoko, na mkoko ulionyooka vizuri hauendi mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi vyote ni vyembamba na virefu, kuanzia Lamu hadi huku.

Aliyepaka lipu kwa mkono mdogo ni mtu mwingine. Kupaka na kusawazisha huenda walisaidia wanawake na watoto.

---

SeremalaWaShangani

Mzee umeniua. Nimesimama mlangoni nimeweka kiwiko kwenye mwimo kama mwendawazimu. Mama mkubwa ananiangalia tu.

---

Mnazi_Mmoja_Lindi

Mjadala mzuri. Mimi naongezea la Tendaguru, kilima cha huku Lindi kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, maana kila nikitaja Lindi watu wanaanza habari za mjusi.

Ule mjusi wa Berlin una urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka miguuni hadi kichwani, na mifupa ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na mabegani na watu wetu, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Wazungu waliosimamia wanajulikana kwa majina. Kwa upande wetu jina linalotajwa sana ni la msimamizi Boheti bin Amrani, na ilipofika 2007 ndipo kuna mjusi mmoja akapewa jina lake.

Lakini kinachonigusa mimi si mifupa. Ni ufungaji. Mifupa mingine ilifungwa kwenye vifurushi vya mianzi, na vingine vilikaa kwenye ghala kule Berlin zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa. Mtaalamu akifungua kimoja leo, kabla hajamfikia mjusi anakutana na mianzi iliyokatwa na kupangwa na mtu wa huku kusini. Ningepewa nafasi ya kuchagua cha kurudishwa kwanza, ningeomba mianzi.

---

Korosho_Ghafi

Sasa mnaanza kuniingiza. Kitu kimoja tu. Pale Mikindani kuna nyumba inaitwa ya Livingstone, jamaa alipita 1866 akienda bara. Watu wanapiga picha na kibao. Fundi aliyeijenga hana kibao. Nasema tu.

---

Kitangari84

Kibao ni cha mpangaji, si cha fundi. Ndio dunia hiyo.

Na mnaozungumzia kurudishwa, kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa Dar mwaka 1984, kikaja kuonekana Geneva, makumbusho ya Barbier-Mueller, kikarudi nyumbani 2010. Magazeti yaliandika yote isipokuwa jina la mchongaji. Natamani mtu akigeuze aone ndani.

---

Ukili_Mmoja

Sisi wasuka mikeka hatuweki jina lakini tunajuana. Nipe ukili, ule utepe wa mkeka uliosukwa, nikuambie huu kasuka nani, yupi anabana sana, yupi akichoka anaanza kulegeza kushoto. Mama yangu alikufa mkeka ukiwa nusu. Dada yangu akaumalizia. Mahali pa kuungia hapaonekani kwa macho, lakini ukilala juu yake unapahisi mgongoni.

---

Korosho_Ghafi

Haya turudi kwenye mistari. Mimi nasema ni nazi. Babu alikuwa anahesabu nazi, kila mstari mia. Au ni madeni.

---

Mnazi_Mmoja_Lindi

Nazi unahesabia chumba cha ndani gizani? Labda ni safari za jahazi. Kuna mchoro wa chombo hapo hapo.

---

MaweNaChokaa

Au siku za kufunga. Lakini 41 inazidi.

---

BintiNdanda

Jamani wanaume. Chumba hakina dirisha. Mistari ipo usawa wa mtu aliyekaa chini. Imezidi 40. Mleta uzi, usiulize humu. Kamuulize mama mkubwa, tena uende peke yako, uende na sukari.

---

SeremalaWaShangani

Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Niliogopa kuandika.

Nilienda na sukari kilo mbili. Mama mkubwa alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamuuliza kwa kuzunguka, nikaanza na jahazi. Akasema hilo hajui, walilikuta, wakiwa watoto walikuwa wanaambiwa lisiguswe. Nikamuuliza mistari.

Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Ile yangu." Alipovunja ungo aliwekwa ndani chumba kile, na kila asubuhi alipoletewa uji alikwaruza mmoja kwa kigae cha chungu ili asipotewe na siku. Nikauliza ile ya chini iliyopinda. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Yule mama yako. Alikuwa mdogo, hakutakiwa kuingia, alikuwa anapenya. Akiniona nakwaruza na yeye anakwaruza. Hajui anahesabu nini."

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita. Sina mwandiko wake. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho.

Nikamwambia basi mama, tutaiacha ile sehemu wazi, nitaitengenezea fremu ya mkongo, niweke kioo, nzuri kabisa, nilishaichora kichwani njia nzima. Akaniangalia kama mtu aliyesikia upuuzi. "Uweke kioo ukutani watu waje kuangalia siku zangu za ndani? Paka." Nikajaribu kueleza, urithi, kumbukumbu, yote mliyonifundisha humu. "Ninakumbuka bila kioo. Paka." Kuna mengine alianza kunieleza ya chumba kile, alipofika mahali akanyamaza, akasema hayo si ya mtoto wa kiume.

Basi nimepaka. Si simenti. Nimeleta chokaa iliyolala vizuri, ile simenti ya ukuta wa pili tumeibandua, na aliyepaka kona ile ni mimi mwenyewe, bila mwiko. Kabla sijafika kwenye mistari ya chini nilizima taa nikaweka tochi sambamba kama alivyosema MaweNaChokaa. Kulikuwa na mmoja ambao sikuuona mara ya kwanza, mdogo kabisa, pembeni peke yake. Inakuwa 14. Mkono umenichubuka na chokaa mpaka leo siwezi kushika randa sawasawa.

Jahazi tumeliacha wazi. Mama mkubwa hana neno nalo.

Meza za hoteli zilishaenda, hela imeshaingia ada. Chini ya kila meza niliacha alama zangu za penseli za kupimia, huwa nazifuta, safari hii sikufuta.

Mods, naomba picha ya pili iondolewe kwenye uzi. Mwenye nayo hajaruhusu. Na mlioihifadhi kwenye simu zenu, tafadhali ndugu zangu.

---

BintiNdanda

Nimefuta yangu.

---

Korosho_Ghafi

Nimefuta. Msalimie mama mkubwa.

---

Msimamizi

Picha ya pili imeondolewa kwa ombi la mleta uzi.